Dawa ya Mashilingi Haipakwi

Leo naanzia kwenye kaunta ya duka la dawa, lolote lile kati ya yale yaliyopangana kando ya barabara za Kaptembwo na Rhonda. Mama anaingia na mtoto wa darasa la pili, anamvua boshori, anasema, "Daktari, nipatie ya mashilingi." Kijana wa kaunta, ambaye si daktari na hajawahi kudai kuwa daktari, anainua shingo, anakitazama kile kichwa, anageukia rafu na kutoa tyubu. Mama analipa, mtoto anavishwa boshori yake, wanaenda zao. Fangasi nayo imeenda nao, salama salimini.

Nitalisema neno lenyewe mapema ili hata anayeshuka kwenye matatu sasa hivi awe amelisikia: mashilingi ya kichwani hayaponi kwa kupaka. Ya mkononi, ya shingoni, ya tumboni, hayo pomada huyaweza. Ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza, tena humezwa kwa wiki nyingi. Uyaite choa, uyaite mapunye kama majirani zetu wa Tanzania, ugonjwa ni uleule na dawa ni hiyohiyo.

Najua kuna anayesema, mbona mwanangu nilimpaka akapona? Tuelewane. Mchukue mtoto mwenye mashilingi umsimamishe mlangoni penye mwanga, kisha uinamie kichwa chake. Utaona kiraka cha mviringo, nywele zimepungua, ngozi imekauka na inatoa magamba ya kijivu. Usiishie kwenye magamba. Tazama katikati ya kiraka. Mara nyingi utaona vidoa vyeusi, vidogo sana, vimetawanyika. Wengi hudhani ni uchafu, wakaleta brashi na sabuni ya bari, mtoto akasuguliwa mpaka akalia. Vile vidoa ni nywele zilizokatikia palepale usawa wa ngozi. Sasa peleka vidole nyuma ya shingo na nyuma ya masikio: huenda ukagusa vitezi vilivyovimba. Hiyo ni dalili kwamba mwili wa mtoto unapigana na kitu kilichoingia ndani.

Na kweli kiko ndani. Fangasi inayotajwa zaidi katika vichwa vya watoto wa Afrika Mashariki huitwa Trichophyton violaceum, na hii haikai juu ya ngozi ikingoja kufutwa. Huteremka kwenye tundu la unywele, ikapenya unywele wenyewe na kuujaza vijimbegu, mpaka unywele ukakosa nguvu na kukatika. Pomada unayoipaka inaua ile ya juu. Magamba yanapungua, kichwa kinang'aa, mzazi anasema amepona. Chini kule, kwenye shina la unywele, hakuna kilichoguswa. Baada ya majuma machache kiraka kinarudi, safari hii na wenzake.

Dawa ya kumeza hupitia njia nyingine. Griseofulvin, ambayo ndiyo kongwe, huingia kwenye damu na kufika mahali unywele unapotengenezwa, ikaingia katika unywele mpya unaoota. Kazi yake ni kuizuia fangasi isikue. Kwa hiyo unywele mpya huota ukiwa safi, na ule wa zamani, wenye ugonjwa, husukumwa juu taratibu hadi unyolewe. Unywele nao hauna haraka na mtu. Kwa mwezi mzima unaota kama sentimita moja tu. Ndiyo sababu daktari anaandika wiki 6 hadi 8, na wakati mwingine zaidi. Anayeacha dawa wiki ya pili kwa kuwa kichwa kimekauka, ameacha unywele mgonjwa bado uko njiani.

Ngojeni niwape kisa cha zamani, kwa sababu kuna watu hawaamini mpaka wasikie historia. Kama pomada ingekuwa inatibu ugonjwa huu, kuna watoto wengi sana duniani wangeepushwa na mateso. Kule Paris, mwishoni mwa karne ya 19, Hospitali ya Saint-Louis ilikuwa na shule yake ya watoto wenye fangasi za kichwa, maana shule za kawaida hazikuwataka. Wauguzi walikuwa wakiwang'oa nywele kwa vikoleo. Kisha daktari Raymond Sabouraud, mtu aliyezijua fangasi hizi kuliko wote wa zama zake, akaboresha njia ya kuwapiga watoto eksirei ya kichwa ili nywele zote zidondoke pamoja na ugonjwa. Ndiyo, eksirei, kwenye kichwa cha mtoto wa miaka 6 au 7. Njia hiyo ikaenea duniani kwa miongo mingi. Nchini Israeli, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwaka 1960, maelfu kwa maelfu ya watoto, wengi wao wa familia za wahamiaji kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walichomwa kwa miale hiyo. Miaka ikapita, baadhi yao wakapata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo, na mwaka 1994 bunge la huko likapitisha sheria ya kuwalipa fidia.

Wale madaktari hawakuwa makatili. Walikuwa wamejaribu kila kinachopakwa, kikashindwa. Griseofulvin ilikuwa imegunduliwa London tangu mwaka 1939, ikitolewa kwenye ukungu, lakini ilikaa karibu miaka 20 watu wakiifikiria kwa ajili ya mimea. Mwaka 1958 mtafiti wa Glasgow, J. C. Gentles, akawalisha simbilisi wenye fangasi, wakapona. Muda si muda madaktari wakawa wanawapa watu, na mashine za eksirei zikaanza kuwekwa kando. Kwa hiyo, mama wa Rhonda, dawa anayoiandika yule klinikal ofisa wa kituo chako cha afya ndiyo iliyowaokoa watoto wa Ulaya na miale. Usiidharau kwa kuwa ni tembe nyeupe isiyo na sura.

Twende kwenye shida zenyewe, maana zipo.

Ya kwanza ni tumbo. Griseofulvin haipiti vizuri tumboni ikiwa tumbo ni tupu. Inataka mafuta. Mtoto akiimeza asubuhi na chai ya rangi, sehemu kubwa inapotea bure. Akiimeza na maziwa mazito, au na parachichi, au baada ya chakula kilichokaangwa, inaingia damuni. Hapa kwetu hatuna kisingizio: kutoka Njoro hadi Subukia maziwa yanabebwa kwa pikipiki kila alfajiri, na parachichi za Bahati zinaozea sokoni msimu wake ukifika. Hata hivyo, mara ngapi umemsikia mtu wa dirisha la dawa akimwambia mzazi ampe na maziwa? Anasema, "Moja kutwa," kisha anaita nambari inayofuata.

Ya pili ni kilo. Kipimo cha dawa hii hufuata uzito wa mtoto, na mtoto wa kilo 15 hawezi kumeza sawa na dada yake wa kilo 32. Kukisia kwa macho kwenye kaunta ni kumpa mmoja pungufu na mwingine zaidi. Mtoto apimwe kwanza, na aulizwe kama ana shida ya ini. Ipo pia dawa nyingine, terbinafine, ambayo kwa fangasi za jamii ya Trichophyton huweza kumaliza kazi kwa takriban wiki 4. Lakini kama mashilingi yametoka kwa paka au mbwa wa nyumbani, ambayo ni fangasi ya aina nyingine, griseofulvin huwa na nguvu zaidi. Ndiyo maana kunyofoa nywele chache na kuzitazama kwa darubini, pale penye maabara, si usumbufu. Mwambie daktari pia kama nyumbani kuna paka anayepukutika manyoya.

Ya tatu, na naona ndiyo kubwa, ni kalenda. Mwalimu anamrudisha mtoto nyumbani: asirudi mpaka apone. Mzazi anahesabu: wiki 6 nje ya darasa, hapana. Ananunua pomada, magamba yanapungua, mtoto anarudi shule na fangasi yake. Mwalimu ameridhika, mzazi ameridhika. Wengine hungoja likizo ya Aprili, na ile ya Aprili huisha kabla dawa haijafika nusu. Likizo pekee inayotosha ni ya Novemba na Desemba, sasa nani atangoja Desemba na kiraka kimeonekana Februari? Ushauri wa madaktari hapa ni mwepesi kuliko wa walimu wetu: mtoto aliyeanza dawa ya kumeza, na anayeoshwa kichwa kwa shampuu ya kuua fangasi mara mbili kwa wiki, aendelee na masomo. Shampuu peke yake haitibu, ila inapunguza vile vijimbegu vinavyorukia wengine.

Walimu wangu, nawaheshimu, lakini hili la kuwapanga watoto gwaride na kuwatoa wenye mashilingi mbele ya wenzao liishe. Mtoto anaitwa mchafu, anapewa jina la utani litakalomfuata hadi Gredi 6, wengine wananong'ona kwamba wazazi wake wana virusi. Huu ni ugonjwa wa watoto wenye afya zao. Watafiti waliopima watoto wa shule za msingi Kibera, matokeo yakatoka mwaka 2009, waliona zaidi ya mmoja kati ya kila 10 ana maambukizi ya aina hii, wengi wao kichwani. Eldoret, jirani zetu, utafiti uliotoka mwaka 2001 ulikuta karibu theluthi moja ya watoto waliopimwa. Theluthi moja ya darasa! Hapo utasema wazazi wote hao hawajui sabuni? Kinachoisambaza ni kusongamana: kitanda kimoja watoto wanne, kitana kimoja, boshori moja inayozunguka kwa ndugu wote asubuhi za baridi kule Molo na Mau Summit. Mtoto akibalehe mafuta ya ngozi ya kichwa hubadilika, na ugonjwa huu humwondokea wenyewe mara nyingi. Kwa hiyo yule mjomba anayecheka, huenda alikuwa nayo akasahau.

Sasa kinyozi. Jumapili jioni, mkesha wa kufungua shule, foleni ya watoto imetoka nje ya mlango. Nimekaa kwenye vibanda hivyo nikingoja zamu yangu, na kazi huwa ni moja. Mashine inapita kichwa cha kwanza. Kinyozi anaipuliza kwa mdomo, fuu, anaipangusa kwa brashi ndogo ambayo haijaonja maji tangu inunuliwe, anaipeleka kichwa cha pili. Akimaliza, anachukua chupa na kumpulizia mtoto spiriti kichwani, mtoto anakunja uso, mzazi anasema leo ameoshwa vizuri. Lakini aliyestahili spiriti ni wembe wa mashine! Na lile sanduku lenye taa ya bluu, ambalo siku hizi kila kibanda kinalo, mwanga wake hauwezi kuua kilichojificha chini ya nywele zilizokwama kwenye meno ya mashine. Nywele zitolewe kwanza, meno yaoshwe, ndipo dawa ifuate. Vinyozi wa Nakuru ni watu wa bidii, wengi wamesomesha watoto kwa mashine hiyo, na wakielezwa kwa adabu hawakatai. Mzazi unaweza pia kumnunulia mtoto mashine ya nyumbani ukashirikiana na jirani, ingawa hapo tena, jirani naye ana watoto wake.

Mmoja akionekana na kiraka, wote wa nyumba watazamwe. Kuna mtoto anayebeba fangasi hii bila kiraka chochote, hajikuni, hana hata dandrafu ya kutajika, na ndiye anayemrudishia mwenzake kila anapomaliza dawa. Wazazi wanasema dawa haifanyi kazi, kumbe inafanya. Mlango wa nyuma ndio uko wazi.

Nisipotaja tiba za nyumbani mtanipigia simu kulalamika, basi nazitaja. Ndulele, lile tunda la manjano lenye miiba, mutongu kwa Wakikuyu, labotwet kwa Wakalenjin: tumekua tukiona ikipasuliwa na kusuguliwa kwenye kiraka. Inawasha vikali, na watu wetu huamini kinachowasha kinatibu. Kama ilikusaidia kwenye mkono, sawa. Kichwani shida ni ileile ya pomada, haishuki chini. Mafuta ya taa na maji ya betri, hayo sitaki hata kuyajadili. Yanaunguza ngozi, kovu linabaki, na palipo na kovu nywele hazioti tena. Pia jihadhari na zile krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya kutuliza mwasho ndani yake. Zinanyamazisha wekundu na kujikuna huku fangasi ikitambaa kwa raha.

Nimeiacha ya mwisho makusudi kwa sababu ni yetu sisi watu wa Bonde la Ufa la kati, na siisikii ikizungumzwa redioni. Nenda Kuresoi, Olenguruone, Molo, Mau Narok. Kila boma lina ng'ombe wa maziwa wawili watatu, na ndama ni wa watoto. Mtoto ndiye anayemnywesha. Anashika ndoo kwa magoti, anatumbukiza vidole kwenye maziwa ili ndama avinyonye, na kichwa chake kinaegemea paji la uso la ndama. Mtazame huyo ndama kuzunguka macho, masikioni na shingoni. Ukiona viraka vya kijivu, vigumu, vimejiinua juu ya ngozi, hiyo ni fangasi nyingine, Trichophyton verrucosum, ambayo makazi yake ni ng'ombe. Ndama mwenyewe atapona baada ya miezi kadhaa hata bila dawa. Vijimbegu vitabaki kwenye nguzo na mbao za zizi kwa muda mrefu, wakati mwingine kwa miaka, vikingoja ndama mwingine.

Ikimrukia mtoto, haiji kwa upole kama ile ya shuleni. Kichwa kinatoa uvimbe laini, unaobonyea, unaotoka usaha kwenye matundu mengi, nywele zinachomoka zenyewe ukizigusa. Mtu yeyote ataapa ni jipu. Na hapa ndipo watoto wanapoumizwa: kuna wanaokamuliwa, kuna wanaopasuliwa kwa kisu, kuna wanaopewa antibiotiki kozi baada ya kozi. Uvimbe huu ni hasira ya mwili dhidi ya fangasi. Hautaki kupasuliwa. Unataka ile dawa ya kumeza, mapema, na daktari ataamua kama inafaa kuongezwa ya kutuliza uvimbe, au antibiotiki iwapo bakteria nao wameingia. Ukicheleweshwa, kovu linabaki pale na upara wa kudumu, na msichana wa miaka 8 ataishi nao. Kwa hiyo mzazi wa Kuresoi, ukifika hospitali, mwambie daktari kwamba mtoto anachunga ndama, hata asipokuuliza. Maana mara nyingi hatakuuliza.

Kule Norway walianza kuwachanja ng'ombe dhidi ya fangasi hii mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa chanjo ya aina iliyotangulia kutengenezwa Umoja wa Kisovieti, na ugonjwa uliokuwa umejaa mazizini ukakaribia kutoweka. Watu wao nao wakapumua. Mimi sisemi tukimbilie chanjo kesho. Nasema wenzetu walianzia zizini.

Sisi tunavyo vinavyohitajika kuanzia zizini. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za afya za mashinani ni za kaunti, na udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni wa kaunti. Afisa wa mifugo anapanda pikipiki hadi bomani, anamtazama ndama, anaandika, anaondoka. Hakuuliza kama kuna mtoto mwenye kidonda kichwani. Juma linalofuata mhudumu wa afya wa jamii, mmoja wa wale zaidi ya laki moja waliozinduliwa kote nchini Septemba 2023, anaingia boma lilelile. Anauliza choo, chanjo, maji ya kunywa, anatoka. Ndama amefungwa mita 10 kutoka alipokuwa amekaa. Sihitaji kuambiwa habari ya bajeti hapa. Fomu ya mmoja iongezwe swali kuhusu watoto, fomu ya mwingine iongezwe swali kuhusu ndama, na mbele ya kila mmoja kuwe na nambari ya simu ya mwenzake. Mheshimiwa waziri wa afya wa kaunti, na wewe mwenzake wa kilimo na mifugo, kama mnatusikiliza asubuhi hii, ofisi zenu ziko Nakuru hiihii na laini za studio ziko wazi.